Nge wadogo majumbani Sakina: yupi wa kuogopa, na ufanye nini akikuuma

Mvua za masika zikianza kushika Arusha, si ajabu mtu wa Sakina kuinua ndoo bafuni asubuhi na kumkuta nge chini yake. Ni mdogo, hafiki urefu wa kidole cha kati. Rangi yake ni ya kahawia au njano iliyofifia, na mkia ameukunja kwa juu. Mama anapiga kelele, watoto wanapanda kitandani, baba anatafuta kandambili. Dakika mbili baadaye nge ameshakufa, lakini maswali ndiyo kwanza yanaanza. Je, yuko mwingine? Angemuuma mtoto ingekuwaje? Tupulize dawa nyumba nzima?

Jibu fupi ni hili: nge mdogo wa aina hii akimuuma mtu mzima mwenye afya njema, kwa kawaida huleta maumivu makali yanayopungua ndani ya saa kadhaa, kisha basi. Hatari ya kweli iko katika mambo matatu. La kwanza ni mtoto mdogo. La pili ni mtu aliyeumwa gizani na kitu asichokiona. La tatu ni matibabu ya kubahatisha, ambayo mara nyingine humdhuru mgonjwa kuliko sumu ya nge mwenyewe. Makala haya yanaeleza yote matatu, na namna ya kuifanya nyumba isimvutie nge.

Nge ni kiumbe gani?

Nge si mdudu kwa maana ya kitaalamu. Ana miguu minane, na yuko kundi moja na buibui, kupe na utitiri. Mbele ana magando mawili ya kushikia mawindo, na nyuma ana mkia wenye vipingili vitano unaoishia kwenye kifuko cha sumu na mwiba. Duniani zimeshatambuliwa spishi zaidi ya 2,500. Kati ya hizo, zinazojulikana kuwa na sumu ya kumuua binadamu ni chache, kama 30 hadi 50 hivi.

Hutoka usiku. Mchana hujibana mahali pembamba, pagumu na penye giza: chini ya jiwe, ndani ya ufa wa ukuta, chini ya gome la mti, au katikati ya matofali yaliyopangwa. Chakula chake ni mende, nyenje, mchwa, buibui na wadudu wengine. Anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo kufunga chumba kwa wiki mbili ukitumaini atakufa njaa hakusaidii.

Jike hazai mayai, huzaa watoto hai. Watoto hao, weupe na laini, hupanda mgongoni mwa mama na kukaa hapo hadi wajivue gamba kwa mara ya kwanza, kisha hutawanyika. Ukimkuta nge ambaye mgongo wake unaonekana kama umejaa punje za mchele, huyo ni mama na wanawe. Wapo wanaosema kwamba watoto hao wanamla mama yao akiwa hai. Si kweli. Wanabebwa tu, na mama yao huendelea kuishi baada ya wao kuondoka.

Kwa nini Sakina?

Sakina iko upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Namanga, kabla ya kufika Ngaramtoni. Ardhi yake ni ya miteremko ya Mlima Meru, volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 iliyowahi kutoa majivu mwaka 1910. Udongo wa namna hii umejaa mawe ya volkano yenye matundu na nyufa. Nge aliishi humo kabla ya nyumba zetu kujengwa.

Kisha sisi tukaja na mambo anayoyapenda. Tunachimba msingi na kurundika kifusi pembeni. Tunashusha lori la mawe na lori la mchanga miezi sita kabla ya fundi kuanza kazi. Tunapanga tofali ukutani, tunaweka kuni na mbao za kufungia zege nyuma ya jiko, na tunajenga uzio wa mawe usiopigwa lipu. Kwa nge, hiyo yote ni nyumba ya bure. Taa ya nje inayowaka usiku kucha inaita wadudu, na wadudu wanamwita nge. Ndani kuna mende jikoni. Hapo chumba na chakula vimeshapatikana.

Mvua ndiyo inayomsukuma aingie. Maji yakijaa kwenye mashimo na chini ya mawe, nge hutafuta pakavu. Ndiyo maana wengi huonekana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka. Ujenzi nao hufanya hivyo hivyo: jirani akianza kuchimba au kuhamisha rundo la mawe, nge waliokuwa humo huhamia kwako.

Kwamba mvua huwafukuza nge si jambo la Arusha peke yake. Novemba 2021, mvua kubwa zilipoipiga Aswan, kusini mwa Misri, nge walitoka mashimoni kwa wingi na mamia ya watu wakaumwa katika muda mfupi. Picha na video za tukio hilo zilisambaa sana kwenye simu, na kuna waliozitazama wakadhani nge wote ni wale wale. Nge wa Aswan ni wa jangwani, na baadhi yao wana sumu kali sana. Hawalingani na huyu wa bafuni Sakina.

Hali ni hiyo hiyo ukiwa na ndugu Muscat. Oman kuna nge mweusi mwenye mkia mnene, Androctonus crassicauda, ambaye kweli anaweza kuua. Ndugu yako akikupigia simu kukuonya, anasema kweli kwa kule aliko. Ila usichukue hofu ya kule ukaipachika kwa kila nge wa huku, wala usichukue utulivu wa huku ukampelekea mtu wa kule.

Unayemwona ni yupi?

Kupata jina kamili la nge kunahitaji mtaalamu na kioo cha kukuzia. Hata hivyo mtu wa kawaida anaweza kuwagawa katika makundi machache.

Kundi la kwanza ni nge wadogo wembamba, wa sentimita tatu hadi sita pamoja na mkia, wenye magando membamba. Afrika Mashariki wamo humu nge wa jenasi ya Uroplectes, wenye rangi ya njano, kahawia au kijani kilichofifia, mara nyingine na mistari. Hupenda magome ya miti, mbao, mapaa na nyufa za kuta, ndiyo maana huingia nyumbani kwa urahisi. Huuma kwa maumivu ya kufanana na ya nyigu au zaidi. Kwa mtu mzima si tishio la maisha.

Kundi la pili ni nge bapa, weusi au kahawia iliyoiva, waliobanwa kama waliokanyagwa. Mmoja wao ni Iomachus politus, anayepatikana Kenya na Tanzania. Mwili huo bapa ni wa kujipenyezea kwenye nyufa za mawe na chini ya magome. Magando yake ni makubwa kuliko mkia, na sumu yake si kali.

Kundi la tatu ni nge wakubwa wenye magando manene mekundu au meusi, mfano wa magando ya kaa. Tanzania inajulikana kwa nge wa namna hii, ambao walikuwa wakipelekwa Ulaya na Marekani kufugwa na watu wanaowapenda. Hutisha kwa sura, na gando lake hubana hasa, ila sumu yake ni hafifu kwa binadamu. Huyu hukaa shimoni ardhini na si kawaida kumkuta chumbani.

Kundi la nne ndilo la kuheshimiwa. Ni nge wenye magando membamba na mkia mnene, wakubwa kuliko wale wa kundi la kwanza. Katika maeneo makavu ya Kenya na Tanzania wapo nge wa jenasi ya Parabuthus na Hottentotta, na sumu yao inaweza kumweka mtoto katika hatari. Tanzania pia kuna Babycurus jacksoni, mwenye rangi ya kutu na magando membamba, anayeuma kwa maumivu makali. Mtu anayesafirisha kuni, mkaa, mawe au marobota ya nyasi kutoka nyanda kavu anaweza kuwabeba bila kujua.

Wengi wamesikia kanuni kwamba gando nene na mkia mwembamba ni nge mpole, na gando jembamba na mkia mnene ni nge mkali. Kanuni hiyo ina msingi, kwa sababu anayeweza kuponda mawindo kwa magando hahitaji sumu kali. Lakini ina mipaka. Nge wadogo wa kundi la kwanza wana magando membamba, na bado si wauaji. Tena, udogo peke yake si dalili ya upole: nge mchanga wa aina kali ni mdogo vilevile. Kwa hiyo tumia kanuni hii kukupa tahadhari, usiitumie kuamua kwamba mtoto haendi hospitali.

Wako pia wanaosingiziwa kuwa nge. Kuna kijidudu cha milimita chache, chenye magando lakini hakina mkia kabisa, kinachoonekana kwenye vitabu vya zamani au ukutani bafuni. Hicho hakimdhuru mtu, na hula vijidudu vidogo vinavyoharibu karatasi. Kuna na yule mwenye manyoya, rangi ya mchanga, anayekimbia sakafuni kama ana haraka ya kuwahi basi. Huyo hana mwiba. Akishikwa anaweza kung'ata, lakini anakimbilia kivuli chako, hakufuati wewe.

Akikuuma: saa za kwanza

Nge huuma akibanwa: umevaa kiatu alimolala, umeketi juu yake, umekanyaga usiku bila ndala, umechukua kuni bila kutazama. Maumivu huja papo hapo, ya kuchoma kama kaa la moto. Mahali hapo panaweza kuvimba kidogo, kuwa pekundu, kufa ganzi au kutekenya kama sindano. Kwa nge wadogo, hali hiyo hupungua ndani ya saa chache, ingawa ganzi inaweza kubaki siku moja au mbili.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

Kaa chini, tulia, hakikisha nge mwenyewe hayupo tena karibu. Watu huumwa mara ya pili wakimtafuta.

Osha mahali palipoumwa kwa maji na sabuni.

Vua pete, bangili au saa kabla sehemu haijavimba.

Weka kitambaa chenye maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye taulo, kwa dakika 10 hadi 15. Pumzika, kisha rudia. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi.

Meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa mtoto fuata umri na uzito wake, na usimpe aspirini.

Andika saa aliyoumwa. Daktari ataiuliza.

Kama nge ameuawa, mtie kwenye kopo lenye kifuniko au mpige picha kwa simu. Usimshike kwa mkono hata akiwa amekufa, kwa maana mwiba bado unaweza kuchoma. Na usipoteze muda kumsaka kama ametoroka.

Kama kinga yako ya pepopunda imepitwa na wakati, uliza kituo cha afya kuhusu chanjo.

Nani aende hospitali mara moja?

Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitano au sita, apelekwe bila kusubiri dalili. Sababu yake ni hesabu rahisi: kiasi cha sumu ni kile kile, lakini mwili wake ni mdogo mara kadhaa kuliko wako. Vilevile apelekwe mzee, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au pumu, na yeyote aliyeumwa usoni au shingoni.

Mtu mwingine yeyote aende haraka akiona moja ya haya: mate mengi yasiyomezeka, kutapika mfululizo, jasho jingi mwili mzima, macho yanayozunguka bila mpangilio, misuli inayorukaruka, ulimi mzito, kupumua kwa shida, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, au kuchanganyikiwa. Kwa mtoto asiyejua kusema, dalili inaweza kuwa kilio kisichonyamazishika, kujinyonganyonga na udenda. Dalili nzito kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa chache za kwanza. Ndiyo maana kumwangalia mtoto ukiwa hospitalini ni salama kuliko kumwangalia ukiwa nyumbani saa tisa za usiku.

Anayetoka Sakina ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru kwa upande wa mjini, na Hospitali ya Selian kwa upande wa Ngaramtoni. Zahanati iliyo wazi jirani inaweza kuanza huduma na kutoa rufaa. Mgonjwa anayetapika au kupumua kwa shida asipande bodaboda peke yake. Tafuta bajaji au gari, mlaze ubavu, na mtu mmoja amshike njia nzima.

Hospitalini kazi kubwa huwa ni kutuliza maumivu na kulinda pumzi na moyo. Dawa ya kuzuia sumu ya nge ipo duniani, lakini hutengenezwa kwa ajili ya spishi maalumu, kwa mfano Afrika Kusini dhidi ya Parabuthus. Nge mdogo wa nyumbani kwa kawaida haihitaji. Umuhimu wa kufika mapema umeonekana India. Katika jimbo la Maharashtra, daktari wa vijijini Himmatrao Bawaskar alianza miaka ya 1980 kuwatibu walioumwa na nge mwekundu wa huko, mmoja wa wakali duniani, kwa prazosin, dawa ya kawaida ya shinikizo la damu. Vifo vikapungua sana. Lakini dawa hiyo humsaidia mgonjwa aliyefika mapema. Aliyechelewa huwa moyo na mapafu yameshaathirika.

Kimeniuma kitu gizani

Hili ndilo tukio la kuogopwa kuliko nge anayeonekana. Umeme umekatika, mtu ametoka nje kwenda chooni bila tochi, amehisi mchomo mguuni, akatazama na hakuona kitu. Asubuhi familia inasema "ni nge tu".

Arusha na vitongoji vyake kuna nyoka wenye sumu, akiwemo kifutu, ambaye hulala kimya njiani na huuma anapokanyagwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na moja ya sababu za vifo ni wagonjwa kuchelewa kufika hospitali. Usitegemee alama mbili za meno. Mara nyingine huonekana moja, mara nyingine hakuna inayosomeka.

Kuna tofauti za kukusaidia, ingawa hazitoshi kuamua. Nge huleta maumivu makubwa na uvimbe mdogo. Kifutu huleta uvimbe unaopanda mguu saa baada ya saa, malengelenge, na pengine damu kuvuja. Swila na koboko wanaweza kuleta kope zinazoanguka, kushindwa kumeza na kupumua kwa shida. Kwa hiyo kanuni ni moja: hukukiona kilichokuuma, chukulia ni nyoka. Usitembee, usikimbie, usilegeze wala kukaza kwa kamba, fungia mguu ubao usichezecheze, na nenda hospitali usiku huo huo. Ikija kuonekana alikuwa nge, umepoteza nauli tu.

Yasiyosaidia

Wembe: kuchanja mahali palipoumwa hakutoi sumu. Kunatoa damu na kuingiza vijidudu, na wembe uliotumika kwa watu kadhaa ni njia ya kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kufunga kamba kwa nguvu: kunazuia damu na kunaweza kuua kiungo ambacho nge asingekidhuru.

Kunyonya kwa mdomo: hakutoi sumu ya maana.

Mafuta ya taa, maji ya betri, mkojo, shoti ya umeme: vinaunguza ngozi na kuongeza kidonda juu ya mchomo.

Jiwe jeusi la nyoka: linashika ngozi kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu. Halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Madhara yake makubwa ni kwamba linampa mzazi moyo wa kusubiri.

Pombe: haipunguzi sumu, na inaficha dalili ambazo daktari angezitafuta.

Mtu mzima aliyeumwa na nge mdogo angepona hata bila hayo yote. Kwa sababu hiyo kila dawa ya kienyeji ina mashahidi wake: ilitumika, mtu akapona. Mtihani wake hasa ni mtoto mwenye udenda na macho yanayozunguka, na huyo hawezi kusubiri majaribio.

Kumtafuta na kumwondoa

Gamba la nge lina tabia ya ajabu: hung'aa kwa rangi ya kijani na buluu likimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Si lazima ununue kifaa maalumu. Ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka na mawakala wa fedha hutumia kukagulia noti bandia hutoa mwanga wa jinsi hiyo, na kuna tochi ndogo zenye mwanga huo. Saa mbili au tatu baada ya giza kuingia, vaa viatu vilivyofunika mguu, zima taa, na mulika pembe za kuta, mvunguni, nyuma ya kabati, bafuni, kisha nje kwenye uzio na rundo la kuni. Nge ataonekana kama kipande cha plastiki kinachowaka. Ila nge aliyetoka kujivua gamba hang'ai vizuri, na usiitazame taa hiyo moja kwa moja.

Ukimwona, mfunike kwa bilauri au kopo, pitisha kadi ngumu chini yake, kisha mpeleke mbali na nyumba. Ukiona ni shida, mpige kwa kiatu kigumu. Hakuna haja ya kumshika kwa vidole ili kuonyesha ujasiri. Kukuta mmoja hakumaanishi kuna jeshi ndani. Nge wengi huishi peke yao. Ukikuta watatu au wanne ndani ya mwezi, tafuta rundo la mawe au kuni lililo karibu na mlango.

Dawa ya kupuliza, je?

Wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa iliyopimwa kwenye chupa ya maji, bila lebo. Hapo nyumba inapata hatari mpya. Nge hujificha ndani ya nyufa ambako dawa haifiki, na huvumilia dawa nyingi zinazomwua mende. Mtoto anayetambaa sakafuni ndiye anayebaki nayo mikononi na mdomoni.

Sakina ina bahati ya ujirani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI, makao yake yako Ngaramtoni. Ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Usitumie dawa isiyo na lebo, jina la kiambato na namba ya usajili, na usitumie ndani ya nyumba dawa iliyoandikwa kuwa ni ya nyanya au maua. Kama ni lazima kupuliza, lenga mende. Mende wakiisha, nge hana sababu ya kubaki.

Kazi ya Jumamosi moja

Mambo haya yanazuia nge kuliko dawa:

Sogeza kuni, mawe, mbao na matofali mbali na ukuta, hatua kumi au zaidi. Ukiyahamisha, vaa glavu ngumu na mabuti.

Ziba nyufa za kuta na pembe za madirisha kwa saruji. Funga mpira au kipande cha zulia chini ya mlango wa nje. Tundu la bomba linapopita ukutani lizibwe.

Weka kifuniko chenye wavu kwenye tundu la maji bafuni.

Vuta kitanda kidogo kutoka ukutani, na shuka au chandarua visiguse sakafu. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia nge kama kinavyomzuia mbu.

Kung'uta viatu kila asubuhi, hasa vya shule na mabuti. Kung'uta taulo, nguo zilizolala sakafuni na nepi zilizoanikwa nje. Mfundishe mtoto afanye hivyo kama anavyopiga mswaki.

Usitembee pekupeku usiku. Weka tochi mahali pamoja panapojulikana.

Kuku wanaozunguka uani huwala nge, na mijusi ya ukutani huwala wale wadogo pamoja na mende. Usiwafukuze.

Kwa nyumba za kupanga, kuna jambo la kusemwa wazi. Mpangaji anaweza kufagia na kung'uta, lakini ufa wa msingi, tundu la bomba na rundo la mawe ya ujenzi ni vya mwenye nyumba. Wapangaji wakizungumza naye pamoja kabla ya masika, mfuko mmoja wa saruji unaweza kuwasaidia wote.

Uvumi miwili ya mwisho

Inasemwa nge akizungukwa na moto hujichoma mwenyewe afe. Nge huweza kustahimili sumu yake mwenyewe. Kinachotokea ni kwamba joto linakausha mwili wake, misuli inakakamaa, na mkia unajikunja ovyo mpaka anakufa. Inasemwa pia kwamba akiuawa mmoja, mwenzake huja kulipiza kisasi. Nge hana ndoa wala kisasi. Wa pili alikuja kwa njia ile ile aliyoijia wa kwanza, kwa sababu ufa bado haujazibwa.

Ukikumbuka mambo matatu tu, yatosha: mtoto mdogo apelekwe hospitali, kisichoonekana kihesabiwe ni nyoka, na wembe ubaki wa kunyolea. Huyo mdogo wa bafuni, mfunike kwa kopo, mtoe nje, kisha utafute alipopitia.